Zege Baridi Waenda Majimoto

Sylvanus kazaliwa Nsemulwa, hapa Mpanda, kakulia Nsemulwa, na ukiondoa wiki tatu alizokaa Dar kwa shangazi yake, hajawahi kulala kwenye mji wenye lifti. Lakini msikie akiimba! Ni viwanda, ni moshi, ni treni za chini ya ardhi, ni baridi. Baridi gani, Mpanda hii? Mwezi wa kumi kuku wanahema kivulini, yeye kavaa koti jeusi la mtumba mpaka magotini, kafunga vifungo vyote. Mama yake, Josephina, alimuuliza mbele yetu, "Mwanangu, unaumwa?" Akamjibu, "Mama, hii ni sanaa." Loh!

Nina haki ya kumsema. Mimi Yohani, fundi pikipiki, ndiye niliyempigia ngoma miaka miwili.

Kazi yake ni kibanda karibu na stendi. Anaingizia watu nyimbo kwenye simu na memori kadi: Bongo Fleva, kwaya, nyimbo za Kisukuma. Wanaomlisha ni hao hao anaowadharau. "Masikio yao yamekufa," anasema, huku anawachomekea kadi. Siku moja mtu wa mradi wa maji alisahau flashi pale, hakurudi kuichukua. Ndani yake mlikuwa na bendi za vijana wa Uingereza na Marekani, wale ambao miaka ya elfu mbili mwanzoni walifufua mtindo wa zamani unaoitwa posti-panki. Gitaa kavu linakwaruza, besi ndiyo inayobeba wimbo, ngoma zinakimbia bila kupumzika, na mwimbaji ana sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba wa jirani asiyempenda. Muziki wenyewe niliupenda, sitadanganya. Niliyeshindwa kumpenda ni huyu aliyetuletea.

Akaunda bendi, akaiita Zege Baridi. Ilikuwa bendi huru, hatuna bosi, hatuna mfadhili, hatusikilizi mtu. Ungedhani mabosi walipanga foleni mlangoni tukawafukuza! Tulifanyia mazoezi kwenye jengo la mashine ya kusaga ya mjomba wake, Jumapili mchana, mashine ikiwa imezimwa. Majirani walikuja mara moja kuuliza kama kuna mtu kaumia.

Mwenye akili katika bendi ile alikuwa mmoja tu, Nyanzala. Yeye ni fundi cherehani pale sokoni, ila kwao ni Majimoto, kwenye mashamba ya mpunga. Besi alijifunzia kwenye kwaya. Haongei sana. Akishika besi, hata Sylvanus anaimba vizuri, na hilo si jambo dogo.

Na wimbo pekee wa Zege Baridi ambao watu waliusikiliza mpaka mwisho ulikuwa wake.

Ngoja nieleze. Kule Majimoto mpunga ukianza kukomaa, watu wanaamia ndege. Kila shamba lina dungu, kichanja cha miti, na mtu anakaa juu yake tangu alfajiri na kopo na kamba, anafukuza ndege. Usingizi unabana. Kwa hiyo wana desturi: mmoja anapiga ukelele mrefu, anamwita jirani kwa jina, halafu ananyamaza. Jirani anaitika, "Nipo!" na yeye anamwita anayefuata, hivyo hivyo mpaka mwisho wa bonde. Asiyeitika anafuatwa. Mama yake Nyanzala aliitwa Ng'washi. Asubuhi moja binti akamwita kutoka dungu la pili, akamwita tena, akamwita mara ya tatu. Jirani yao Bibiana ndiye aliyetangulia kufika, akamkuta ameshakata roho, kamba bado iko mkononi.

Nyanzala akautengenezea msiba ule wimbo. Besi inatembea, ukelele unapanda, halafu "Ng'washi, itika," halafu kimya kitupu, hakuna chombo kinachogusa. Basi. Mara ya kwanza kuupiga pale kwenye mashine nilishindwa kuendelea, nikajifanya nakaza nati ya ngoma.

Sasa sikia alichofanya bwana mwenye koti. Alisema Ng'washi ni jina la kishamba, halina mvuto. Akalitoa. Akaweka "Zege, itika." Zege! Na kile kimya akakijaza gitaa, eti msikilizaji wa kisasa hana subira.

Nyanzala hakugombana. Alimwambia, "Kaka Sylvanus, nyimbo zote chukua. Kwenye huu mrudishe mama yangu." Hakutaka kingine. Sylvanus akasema atafikiria. Kila Jumapili alikuwa anafikiria.

Tukaitwa kwenye redio moja ya hapa mjini. Mtangazaji, dada mmoja Shadia, akauliza, "Huu wimbo wa 'itika' unasisimua. Nani katunga?" Sylvanus akavuta kiti, akashusha sauti. "Mimi. Niliutunga peke yangu chumbani, taa nimezima." Nyanzala akaangalia kucha zake. Mimi nilikuwa katikati yao, nakunywa soda ya bure, na nilikuwa namdharau Sylvanus kwa moyo wangu wote. Soda niliimaliza.

Wimbo ukavuma kidogo, tukaalikwa Majimoto siku ya mnada. Tukakodi kirikuu, vyombo nyuma, na sisi juu ya vyombo. Kupita mbugani, mbung'o wanapenda nguo nyeusi, kila mtu Katavi anajua hilo, hata mtoto. Sylvanus akakataa kuvua koti. "Msanii havui," akasema. Tulipofika Kibaoni sikio limevimba, shingo haigeuki. Sikumpaka hata mate.

Njiani Nyanzala alimwomba mara ya mwisho. "Leo tunapigia kwetu. Mtaje mama, leo tu." Sylvanus akajikuna. "Nyanzala, usilete mambo ya ukoo kwenye kazi."

Mnadani watu walikuwa wengi, ng'ombe wengi zaidi. Nyimbo mbili za mwanzo, za moshi na treni, watu walitutazama kama watu wa chanjo. Kisha besi ikaanza kutembea, na Sylvanus akapiga ukelele. Ebo! Uwanja mzima ukageuka. Wauza nguo, wanunuzi wa mpunga, mama wa samaki wakavu, wote. Akaimba, "Zege, itika!" Na kwa kuwa pale mtu akiita ni lazima aitikiwe, wakaitika. "Selestini nipo!" "Lucas nipo!" Sauti zikapokezana kutoka zizini mpaka kwenye mabanda ya nguo, kila mtu na jina lake.

Sylvanus akasimamisha muziki. Akashika maiki, "Nyie! Nyamazeni! Mnaharibu wimbo wangu!"

Mama mmoja mrefu, kajifunga kanga kiunoni, akasogea mpaka kwenye spika. Nilimjua kabla hajataja jina, maana Nyanzala aliacha besi ikining'inia na kuinamisha kichwa. Alikuwa Bibiana.

"Wimbo wako, baba?"

"Wangu."

"Umeutoa wapi?"

"Kichwani kwangu."

"Ulishaamia shamba gani?"

Watu wakacheka. Bibiana hakucheka. Akanigeukia mimi, "Na wewe mpiga ngoma. Wimbo wa nani?"

Nikasema, "Wa Nyanzala. Ni wa mama yake."

Sylvanus akachomoa waya wa gitaa, akashuka. Nyanzala akaenda kwenye maiki. Hakupiga besi. Akavuta ukelele ule kutoka chini kabisa, na sauti ikatandaa juu ya ng'ombe na mabati, kisha akaita, "Ng'washi, itika!"

Hakuitika mtu. Watu mia na zaidi, wote wanajua kuitika, na hakuna aliyefungua kinywa. Walivua kofia. Bibiana alifunika uso na ncha ya kanga, mabega yakitikisika. Nyanzala akaita mara ya pili, akaita ya tatu, kama siku ile, na kila mara akangoja. Halafu akarudisha maiki kwenye stendi yake.

Wakati wa kupakia, Sylvanus alikuwa ameshakaa mbele na dereva, anajikuna, anasema wale watu hawana elimu ya muziki na kwamba atatafuta mpiga besi mwingine Sumbawanga. Nilikuwa na furaha yangu, nimesema ukweli mbele ya mnada mzima, kifua mbele. Nikamfuata Nyanzala alipokuwa ameshikana mikono na Bibiana, wanaondoka kwa miguu kuelekea mashambani. Besi yake kaibeba mgongoni.

"Nyanzala," nikasema. "Umenisikia lakini? Nimesema."

Akanitazama. Mimi nayajua macho yale. Ndiyo niliyokuwa namtazamia Sylvanus miaka miwili.

"Uliulizwa, Yohani," akasema, wakaenda zao.