Kamba ya Mama Yamila

Nélida hukata manyoya ya kondoo hapa kwetu Tacuarembó, na mikono yake ni minene hata kondoo hawabishi. Yeye na mkewe, Irma, ni mama wawili wa binti mmoja, Yamila.

Mwaka ule, Siku ya Akina Baba ilipokaribia, mwalimu Ofelia alifuta shindano la akina baba la kuvuta kamba, ili Yamila asije akaumia moyo. Yamila akarudi nyumbani amenuna. Nélida alikuwa ameshaanza mazoezi, akivutana na fahali wa jirani.

Kesho yake Nélida akafika shuleni na kibuyu chake cha yerba mate, ile chai chungu ya kwetu, akinywa taratibu.

“Mwalimu, mwanangu alilia?”

“Hakulia, mama. Nilihofia atalia.”

“Basi sasa analia. Rudisha kamba.”

Kamba ikarudi. Siku ilipofika, akina baba wote wakakimbilia upande wa Nélida, wakisukumana. Upande wa pili akabaki mwalimu Ofelia, kashika kamba kwa adabu.

Yamila akamwonea huruma, akaenda kushika nyuma yake.

“Nipo, mwalimu,” akamnong’oneza. “Usije ukaumia moyo.”

Wakaburutwa wote wawili mpaka topeni.