Mtama Unaowahi Kuchanua

Katika ofisi ya kilimo hapa Garissa, nilimwona mama mmoja, mkulima wa kando ya Tana, akinusa mbegu za mtama alizopewa.

"Kwa nini hii inatoa maua mabema? Mmetia nini ndani?" akauliza kwa lafudhi yake ya Kisomali.

"Hatujatia kitu, mama," afisa akajibu. "Ni tabia ya kurithi. Tumechagua tu ile inayochanua mapema, kabla mvua haijakatika."

Mama akaguna. Akaenda kuzipanda nusu shamba tu.

Mvua ikakatika upesi. Mtama wake wa zamani ulikauka bila maua. Huu mgeni ukazaa. Nilimkuta sokoni akiuuza.

"Sasa unaamini?" nikamuuliza.

"Nunua wewe, kula. Nikikuona mzima wiki ijayo, na mimi nitabika."

Nilinunua kilo mbili. Moja nikampelekea jirani kwanza.