Kakakuona wa Ukutani

Ukuta ule umenigharimu laki moja na elfu themanini: ufundi laki moja, rangi elfu sabini, chai na mihogo ya fundi elfu kumi. Nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili naona mihogo ilizidi.

Nauza saruji na mabati Itetemia, palepale tulipokuwa tukiokota uyoga utotoni. Nilimwita mchoraji, binti wa wakulima wa Kwihara, anichoree tangazo: mfuko wa saruji, mkubwa, basi. Alitaka laki mbili. Nikamshusha hadi moja, akakubali upesi mno. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Akachora kakakuona. Kwetu mnyama huyu akionekana huwekewa vitu mbele yake, jembe, unga, maji. Anachokiendea ndicho mwaka utakachotuletea. Binti alivichora vyote, na kando yavyo mfuko wangu wa saruji. Akaanza mgongo. Magamba aliyalaza moja juu ya jingine kama bati juu ya paa, na kutu kidogo pembeni. Nimeuza mabati miaka mingi, sijawahi kuyaona yakipendeza vile. Kichwa alikiacha mwisho.

Nikamwomba akielekeze kwenye saruji. Nikaahidi nyongeza ya elfu tano, halafu kumi, jambo ambalo wanaonijua hawaliamini.

"Mzee wangu, kakakuona hapangiwi," akasema bila kugeuka. "Ukishampangia, huyo ni ng'ombe wako."

Kesho yake nikakuta amemkunja: duara moja la magamba, kichwa kimezamishwa tumboni, kama afanyavyo akiogopa. Wateja wakajaa kubishana. Wengine wakasema ni mwaka mbaya, wengine wakasema fundi hajui kuchora pua. Mama anayeuza maandazi jirani alitazama muda mrefu kuliko wote.

"Hajakataa kitu huyo," akasema. "Anasubiri mpungue."



Binti aliponawa mikono akaniambia nikiufuta mfuko, atarudi kumkunjua, bila kulipwa hata senti. Bila mfuko, anayepita barabarani ataona duka la mnyama, na saruji ataifuata kwingine. Lakini kila asubuhi nikifungua duka nasimama pale kwanza, natamani kuuona uso wa kakakuona na anakoelekea.

Brashi ninayo, na chokaa ninayo. Ninyi mnaojua biashara, na ninyi mnaomjua mnyama huyu, nishaurini: niufute?