Vifungo vya Sendo za Mama

Mama alipopooza upande wa kulia, nilimleta kwangu Ipagala. Kazi yangu ni mabegi ya ngozi. Nina kibanda Kizota, katikati ya wachomeleaji na maseremala, na Bunge likikaa oda zinafurika, nashinda nagonga vifungo vya chuma mpaka masikio yanavuma. Jioni narudi hoi, namkuta mama amekaa mlangoni, kanyoosha miguu, ananingoja nimvue viatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umechelewa. Miguu imeota mizizi."

Asubuhi namvalisha, jioni namvua. Ndala hazikumfaa, maana mguu wa kulia aliukokota na ndala ilibaki nyuma. Alihitaji sendo yenye mkanda, na mkanda unataka kufungwa, na mkono wake mmoja ulikuwa umelala. Kila nilipoinama pale chini aliangalia pembeni kwa aibu. Mwanamke aliyelima milimani Kondoa maisha yake yote, leo anavalishwa! Nyumba yake ilikuwa kule kule, jirani na kaka yangu na mkewe, inamngoja. Lakini alikwisha kula kiapo.

"Mkamwana wangu hatashika miguu yangu," alisema. "Siku nitakayofunga viatu vyangu mwenyewe, siku hiyo narudi kwangu. Kabla ya hapo utanivumilia wewe."

Basi nikaingia kazini. Nilichoka mpaka kuongea kulinishinda. Nilitaka arudi kwake, sifichi. Nilitaka jioni moja tu nikae bila kumwinamia mtu.

Nikaanza na bizimu, kama la mkanda wa suruali. Mkono mmoja ulivuta mkanda vizuri, ila wa pili wa kuingiza kile kijiti tunduni ndio haukuwapo. Nikajaribu ule utepe wa kunata, unaokwaruza ukiufungua. Loo! Vumbi la Ipagala na mbigili za uani viliumaliza kabla ya Ijumaa. Vikabaki vifungo vya kubonyeza, vile vile ninavyogonga kila siku kwenye mabegi.

Kifungo kile kina vipande vinne: viwili vya mkanda wa juu, yaani kofia na kikombe chake, na viwili vya chini, kimoja kikiwa na kichwa kinachoingia kikombeni. Unatoboa ngozi, unapitisha kijibomba cha chini ya kofia, unakilaza juu ya chuma, unagonga, kijibomba kinachanua na kushika. Ngozi ikiwa nene hakifiki upande wa pili, inabidi uikwangue kwa nyuma. Hayo nayafanya hata usingizini. Na bado, kwenye sendo za mama, nilichemka. Mara niligonga kupita kiasi, kichwa kikapondeka, kikawa hakiingii. Mara kililegea, mguu ukikokotwa kinafunguka. Jioni moja, kwa uchovu, nikaweka vikombe juu na chini. Mama akabonyeza, akabonyeza, akanitazama.

"Hivi hao watu wa maofisini, mabegi yao yanafungwa na nani?"

Nikacheka, halafu nikajikuta nalia. Uchovu una mambo yake jamani.

Hata kilipokaa sawasawa, hakikumtii. Alikandamiza kwa dole gumba la kushoto, mkanda ukazama kwenye mguu uliovimba, akauma meno kwa maumivu. Nikamwambia akaze kidogo tu. Hapo akapandwa na hasira.

"Nikaze nini? Wewe unagonga juu ya chuma. Mimi umenipa nyama!"

Alisema kweli. Kesho yake nikakata kipande cha ngozi ya soli, ngumu kama ubao, nikakishona chini ya kila kifungo ili kidole kipate pa kukandamizia. Kwenye sendo ya kulia nikasogeza kifungo upande wa ndani, mkono wa kushoto ukifikie bila kujipinda. Nikaziacha kando ya kitanda chake.

Asubuhi, baada ya swala, nilikuwa jikoni nakoroga uji. Nikasikia kutoka chumbani: ta. Nikaacha mwiko. Nikamsikia anahema, anagombana na mguu wa kulia kwa Kirangi. Kisha tena: ta.

Akatoka na fimbo yake, mtandio kichwani, uso umechangamka kama wa mtu anayekwenda harusini.

"Mpigie kaka yako," akasema. "Anipokee stendi."

Hilo ndilo pumziko nililolililia. Badala ya kuchukua simu, nikapiga magoti.

"Ngoja mama, hiki cha kulia kimelegea. Nikakigonge tena Kizota. Utaondoka wiki ijayo."

"Hakijalegea."

Nikakivuta. Kilishika barabara kuliko kifungo chochote nilichowahi kugonga. Nikabaki nimeinama pale chini, nimeushika mguu wake, uji unaungua jikoni, na safari hii mama hakuangalia pembeni.