Fundi Cherehani wa Kipawa

Ndege ikipita juu ya mabati ya Kipawa, karibu na uwanja wa ndege, wateja hukatiza maneno na kukunja uso. Fundi cherehani huondoa mguu kwenye pedeli, akafumba macho na kuusikiliza mngurumo mpaka uishe, kama afanyavyo kwenye dhikri Alhamisi. Tekla, muuza mboga wa genge la jirani, alidhani ni uchovu. Kisha siku moja fundi alipigiwa simu kwamba kaka yake amefariki. Akalia, kiganja kimetulia juu ya kitambaa.

“Dada, uko sawa?” Tekla akamuuliza.

“Nalia, mdogo wangu, na najiona nalia. Huyo anayeona halii.”

Siku hizi mteja mgeni akiuliza kama fundi amelala, Tekla huinua kidevu.

“Fundi wetu hajalala. Kaa, ngoja ndege ipite.”