Siku Binti Yangu Alipokataa Kupeleka Sahani

Mimi ni mkali wa salamu. Mtoto akimpita mkubwa bila shikamoo nami nipo, atarudishwa kutoka popote alikofika, hata awe na ndoo kichwani. Nililelewa hivyo, na kwa miaka mingi niliamini kwamba mtoto mwenye adabu ni yule asiyemkatalia mkubwa kitu.

Ndiyo maana Jumamosi ile, binti yangu wa miaka minane aliposema hapeleki chakula kwa babu, nilipandwa na hasira.

Huyo babu hakuwa wa kumzaa baba yake. Alikuwa mzee wa ukoo wa mume wangu, aliyefiwa na mkewe, akapanga nyumba ya tatu kutoka kwetu hapa mtaani Mandewa. Hakuwa na wa kumpikia, basi kila mchana tulimpelekea ugali. Alimwita binti yangu "mke wangu", na hakuna aliyeshtuka. Kwetu babu na mjukuu ni watani. Hata mama mkwe wangu, akija kututembelea kutoka Ikungi, alikuwa akimwita mwanangu wa kiume, kaka wa binti huyu, "mume wangu" na kumgombeza kwa nini hajamletea kuni. Tulicheka sana.

Siku hiyo mama mkwe alikuwa amekaa uani, anapeta mtama.

"Sitaki kwenda," binti alisema, sahani ikiwa mkononi. "Ananiita mke wake."

"Si utani tu?" nilimjibu. "Mke gani asiyempelekea mumewe chakula?"

Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo wangu, na nikacheka. Mtoto hakucheka. Hakusogea pia. Nikanyanyua ufagio.

Mama mkwe aliweka ungo chini, akainuka, akaichukua ile sahani mikononi mwa mtoto. Huyu ndiye mama aliyewafundisha wanawe wote kusalimia kwa kupiga magoti, kwa hiyo nilitegemea amsukume mlangoni. Akamketisha kwenye mkeka.

"Kitu gani hukipendi kule kwa babu?" alimwuliza, halafu akasubiri. Mara mbili nilifungua mdomo, mara mbili akanikata jicho.

Mtoto alichorachora chini kwa kidole. Akasema babu huwa anafunga mlango. Akasema Alhamisi alimvuta mkono akitaka ampakate, akamwambia mume na mke wana siri zao na mama hatakiwi kuzijua. Alijichomoa akakimbia.

"Umefanya vizuri kukimbia," bibi yake alimwambia. "Na kusema umefanya vizuri. Huna kosa lolote, mjukuu wangu."

Kisha akanigeukia na kuniambia kwa Kinyaturu, lugha ya kwao, taratibu, tuvae viatu twende kwa mwenyekiti wa mtaa sasa hivi. Nikautupa ufagio, nikatafuta viatu. Yeye alijifunga khanga yake vizuri na kutangulia.

Kesho yake shemeji zangu walikuja na maneno yao. Mzee aombe radhi, atoe mbuzi, yaishe nyumbani, ukoo usiaibike. Mume wangu aliinamisha kichwa. Naona haya kusema kwamba hata mimi, kwa dakika chache, niliona wana hoja.

"Mbuzi mtamla ninyi," mama mkwe akawaambia wanawe. "Na mtoto mtamwachia nini?"

Jumatatu, tukiwa na barua ya mwenyekiti, mume wangu mwenyewe ndiye aliyetupeleka dawati la jinsia, polisi. Afisa ustawi wa jamii alizungumza na binti kwa upole, bibi akiwa pembeni, wala hakumhimiza. Mzee alichukuliwa, na mambo yake sasa yako mahakamani. Tulipowaeleza kina mama wa mtaa, nao walikwenda kuwauliza watoto wao, na mmoja alirudi kwangu analia. Mtoto wake naye, alipopewa nafasi, alisema yaliyokuwa yamemkuta.

Nawashukuru wanawake hawa. Siku hizi chakula cha mgonjwa au mpweke hapa mtaani kinapelekwa na watu wazima, na hakuna anayenuna. Mama mkwe naye aliacha ule utani wake. Mjukuu wa kiume alipolalamika kwamba haitwi tena mume, alimwambia, "Wewe ni mjukuu wangu, inatosha." Shikamoo bado naidai, ila mtoto wangu anaweza kuitoa akiwa amesimama mlangoni, na akikataa kuingia simwulizi mbele ya mwenyeji.

Wiki kadhaa baadaye nilikuwa namsuka binti nywele. Nikajikaza, nikamwomba anisamehe kwa kutomsikiliza Jumamosi ile.

"Hata siku ile ya mvua nilikuambia sitaki kwenda kwa babu, mama," alisema. "Ulikuwa unachekecha unga. Ukasema niache kudeka."

Mikono yangu ilisimama kichwani kwake. Nimeitafuta siku hiyo kila mahali akilini na siikumbuki, hata mvua yenyewe. Mama mkwe namshukuru kila nikipiga magoti kusali. Lakini shukrani inayonitoa machozi ni ya huyu mtoto, niliyemnyamazisha mara ya kwanza, na bado akanipa nafasi ya pili ya kuwa mama yake.