Nilianza na database, screen ikamwanika mjane wa watu

Wakuu, poleni na majukumu. Hili limenikuta mwenyewe, sijasimuliwa, na bado linaniuma.

Mimi ni developer, mtu wa kuja hapa Singida. Kamati ya josho ya kijiji kimoja jirani na Kintinku iliniomba system ya kusajili ng'ombe wanaoogeshwa. Josho lenyewe ni la enzi za Ujamaa, limechoka ila linafanya kazi.

Nikaanza na database kama kawaida yangu. UI, yaani ile screen anayoiona mtumiaji, nikasema nitaimalizia mwishoni, si ni rangi na vitufe tu? Kiburi cha watu wa backend mnakijua.

Mwenyekiti wa kamati, mzee mpole sana, alinikaribisha kwake tusajili mifugo yake.

"Hawa wote ni wako, mzee?"

"Hapana, mwanangu. Hawa wekundu ni wa Mama Neema. Namtunzia tu."

Nikajaza: mmiliki, Mama Neema. Data safi, nikafurahi.

Nilichokuja kujua baadaye: huku mtu huweka ng'ombe kwa rafiki, na hatangazi. Wakati wa Ujamaa wapo waliotawanya mifugo hivyo wasiitwe mabepari. Mama Neema ni mjane. Ng'ombe hao aliwaficha ili ndugu wa marehemu mumewe wasiwachukue, na watoto wasome.

Siku ya kukabidhi, darasa la shule ya kijiji limejaa wanakijiji, nikawasha projekta. Hata mzee mwenyewe alikuwa hajawahi kuiona ile screen. Ng'ombe, anakolala, mmiliki. Vyote ukutani.

Shemeji wa Mama Neema, ndugu wa marehemu, akasimama.

"Kumbe una ng'ombe, shemeji? Si ulisema marehemu aliuza wote?"

Mama Neema alikaza khanga yake, akatoka.

Mzee akaniambia taratibu, "Mwanangu, nilikwambia wewe. Sikuwaambia hawa."

Haikupita wiki, ng'ombe wakaswagwa kwenda kwa shemeji.

Najuta, wakuu. Ningemchorea mzee ile screen kwenye karatasi kabla ya code, angeiona safu ya mmiliki na kuikataa palepale. Mteja haoni database, anaona kilichopo mbele ya macho yake. Siku hizi naanza na UI, na swali langu la kwanza ni nani mwingine ataiona.

Ile safu nimeifuta. Ng'ombe hawajarudi.

Nyie mnaanzia wapi? Nisemeni mtakavyo, nimestahili. Ila kama humu kuna mwanasheria anayejua mambo ya mirathi, naomba aanze yeye kucomment. Neema amerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa ada.